Ukiona barabara yapinda, jua imepimwa

Kila kunapotokea ajali kubwa barabarani, usemi wetu Wakenya huwa ni ule ule. Husemwa kwamba dereva alishindwa na kona, au kona ile ni mbaya, au mahali pale pana pepo anayedai damu. Viongozi wa dini huitwa kuombea mahali penyewe, wanasiasa hutoa rambirambi, kibao kipya cha onyo husimamishwa, na mambo huwa shwari hadi ajali nyingine itokee. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza maswali matatu yaliyo mepesi. Je, kona hiyo ilipimwa na nani? Ilipimwa kwa mwendo wa kilomita ngapi kwa saa? Na je, magari yanayoipita leo ndiyo yale iliyopimiwa?

Nashikilia kwamba hatuulizi maswali haya kwa sababu hatujafundishwa lugha ya kuyaulizia. Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hiyo. Kinachokosekana ni mwalimu wa kuyachukua maneno hayo kutoka kwa fundi, kuyapanga, na kuyaingiza darasani. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha jinsi barabara inavyopindwa, na nitafanya hivyo kwa Kiswahili, ili msomaji aamue mwenyewe kama lugha hii inaelemewa na mzigo huo.

Tuanze na neno kona. Ni neno la mkopo kutoka Kiingereza, na huko lilikotoka maana yake ni pembe, yaani mahali mistari miwili inapokutana. Sisi tumelipa kazi mbili. Twalitumia kwa pembe ya nyumba au ya uwanja, na pia kwa sehemu ya barabara iliyopinda. Limekita mizizi kiasi cha kuwa majina ya mahali: pana Kona Baridi katika njia ya kwenda Magadi, na Kona Mbaya upande wa Kakamega. Sina ugomvi na mkopo huo. Hata hivyo, kwa mhandisi, pembe na pindo ni vitu viwili mbalimbali, na kazi yake yote ni kuiondoa pembe na kuweka pindo mahali pake. Lugha inayoviita vitu hivyo kwa jina moja inaificha kazi hiyo. Msikilizaji hudhani kona ilikuwepo tangu azali, kama mlima au mto.

Kwa hiyo napendekeza tuliache neno kona libaki na pembe, na lile pindo la barabara tuliite tao. Ni neno letu la zamani. Wajenzi wa mwambao wamelitumia kwa sehemu ya juu ya mlango iliyoviringwa, na katika hesabu hutumika kwa kipande cha duara. Tao linalopinda kulia au kushoto tuliite tao la mlalo. Tao linalopanda na kushuka tuliite tao la wima.

Sasa tazama kazi yenyewe. Mhandisi huanza kwa kuchora barabara kama mistari minyoofu inayokatana. Tuseme mistari miwili imekutana, na ule wa pili umechepuka kutoka mwelekeo wa ule wa kwanza kwa nyuzi 30. Hakuna gari linaloweza kugeuka ghafla katika ncha ya pembe hiyo. Hivyo basi huchaguliwa duara kubwa linaloigusa mistari yote miwili bila kuikata, na kipande cha duara hilo kilichoko kati ya sehemu mbili za mguso ndicho tao letu. Uamuzi mkuu ni mmoja tu: nusukipenyo cha duara kiwe mita ngapi? Tukichagua mita 300, mengine yote hufuata kwa hesabu ya sekondari. Tao litaanza mita 80.4 kabla ya makutano ya mistari, litakwisha mita 80.4 baada yake, na urefu wake utakuwa mita 157.1. Katikati yake litapita mita 10.6 ndani ya ile ncha ya pembe.

Michoro ya karatasini lazima ihamishiwe ardhini, na hapa ndipo mpima ardhi anapoingia na vigingi vyake. Hawezi kusimama kwenye kitovu cha duara na kuzungusha kamba ya mita 300, kwa kuwa huenda kitovu kimo ndani ya bonde au katika shamba la mtu. Badala yake, kwa njia iliyofundishwa miaka mingi, husimama mahali tao linapoanzia, hukielekeza kipima pembe chake kwenye yale makutano, kisha hukigeuza kidogo kidogo. Kwa tao letu, kila anapotaka kusogea mita 20 huongeza pembe ya digrii 1 na dakika karibu 55, na mtu wa mnyororo hupiga kigingi. Anapofika mwisho wa tao, jumla ya pembe zote sharti iwe digrii 15 kamili, ambayo ni nusu ya ule mchepuko wa nyuzi 30. Ikipungua au ikizidi, kuna kosa, na kazi hurudiwa. Siku hizi vifaa vya kielektroniki na vya setilaiti huonyesha mahali pa kila kigingi moja kwa moja, lakini hesabu iliyomo ndani yake haikubadilika.

Mstari ule mfupi wa mita 20 unaounganisha kigingi na kigingi huitwa kwa jina la kigeni katika vitabu vyetu vya hesabu. Kiswahili kina upote, yaani uzi wa upinde. Mwanafunzi aliyeona upinde haambiwi mara ya pili: mti uliopinda ni tao, na uzi ulionyooka kutoka ncha hadi ncha ni upote. Jina la kigeni nalo, ukilifuatilia hadi kwenye Kilatini na Kigiriki, linatokana na neno lenye maana ya uzi. Wazee wao walitazama kitu kile kile walichokitazama wazee wetu.

Swali la nusukipenyo ndilo linalogusa uhai wa abiria. Gari likiingia katika tao hutaka kuendelea kwenda moja kwa moja. Linalolizuia ni mambo mawili tu: msuguano wa matairi na lami, na mwinamo wa barabara, yaani ule ukingo wa nje unaoinuliwa ili gari liegemee ndani. Hesabu yake ni fupi. Chukua mwendo wa gari kwa kilomita kwa saa, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawanye kwa 127 na kwa nusukipenyo. Jawabu ni mzigo ambao mwinamo na msuguano lazima wagawane. Katika tao letu la mita 300, gari liendalo kilomita 80 kwa saa linadai asilimia 17 hivi. Ikiwa mwinamo ni asilimia 6, matairi yanabaki na mzigo wa 11, nayo yanaumudu. Dereva akiongeza hadi kilomita 110, mzigo wote hupanda hadi asilimia 32. Mwinamo haukuongezeka, bado ni 6. Matairi sasa yanadaiwa 26, zaidi ya maradufu ya awali, ilhali mwendo haukuongezeka hata kwa nusu. Mvua ikinyesha, au mpira ukiwa umechakaa, deni hilo halilipiki. Lori refu lililosheheni juu huweza kupinduka hata kabla matairi hayajateleza.

Hapo ndipo maneno "punguza mwendo" yanapopata maana. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii kwa mkono wake mwenyewe hatahitaji kutishwa na polisi. Atajua kwamba katika tao mwendo hauhesabiwi mara moja bali huzidishwa kwa wenyewe.

Pana jambo jingine dogo lenye uzito. Dereva hawezi kutoka kwenye mnyoofu na kuingia katika duara kwa mara moja, kwani usukani hugeuzwa kwa hatua, na mwinamo wa barabara nao huinuliwa kwa hatua. Kwa sababu hiyo, katika barabara za mwendo mkubwa, huwekwa tao la mpito kati ya mnyoofu na duara. Mpindo wake huanza na sifuri na kukaza polepole. Abiria halioni, lakini likikosekana mwili wake utalijua kwa kurushwa ubavuni.

Tugeukie tao la wima. Barabara inapopanda mlima kisha kuushuka, mipando hiyo miwili nayo hukutana kwenye ncha, na ncha hiyo lazima iviringwe. Juu ya kilima hupatikana tao la mgongo, na chini ya mteremko tao la bonde. Hapa wahandisi hawatumii duara, hutumia mchirizo ule ambao jiwe lililorushwa huufuata angani, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi na huifanya barabara ibadilike kwa kiasi kile kile katika kila mita. Tuseme barabara inapanda kwa asilimia 3 kisha inashuka kwa asilimia 3, na tao lina urefu wa mita 160. Mita 20 tangu mwanzo, lami itakuwa imeachana na mstari wa ule mpando kwa sentimita 7.5. Mita 40, sentimita 30. Mita 80, ambayo ni katikati, mita 1.2. Kila umbali unapokuwa maradufu, kina huwa mara nne. Hesabu hii haimshindi mwanafunzi wa sekondari.

Kwa nini mita 160, wala si 60? Ni kwa sababu ya kuona. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 22 kwa kila sekunde. Wahandisi hukadiria kwamba dereva huchukua sekunde mbili na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, na katika muda huo gari limekwisha kwenda mita 55. Ukiongeza mita za kusimama kwenyewe, jumla huwa karibu mita 130 katika barabara tambarare. Mgongo wa kilima ukiwa mkali mno, dereva hatazioni mita 130 zilizo mbele yake. Ataona anga tu, mpaka ng'ombe, mwendesha boda boda au lori lililoharibika litokeze mbele ya pua ya gari lake. Kwenye mteremko, mita hizo huwa nyingi zaidi, maana uzito wa gari wenyewe hulisukuma.

Hatari huwa kubwa kupita kiasi pale matao yote mawili yanapokutana: mteremko mrefu, breki zimechemka, na chini yake tao kali la mlalo au daraja. Tunapajua mahali kama hapo. Tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru lilitumbukia kwenye bonde la mto Nithi na kuua watu zaidi ya 30. Haikuwa mara ya kwanza kwa daraja hilo kunywa damu, na mjadala ulizuka kuhusu usanifu wa mahali penyewe. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, likawafyeka wachuuzi na wasafiri, na zaidi ya watu 50 wakafa. Mimi si mchunguzi wa ajali, wala sisemi chanzo kilikuwa kimoja. Ninalosema ni kwamba baada ya misiba hii tulijadili sana mwenendo wa madereva na tukajadili kidogo sana nusukipenyo, mteremko, mwinamo na umbali wa kuona. Ilhali tunajua kuwa barabara ikirekebishwa, mambo hubadilika. Baada ya ajali ya Migaa ya tarehe 31 Desemba 2017, iliyoua zaidi ya watu 30, magari yanayopanda na yanayoshuka katika sehemu ile ya Salgaa yalitenganishwa kwa ukuta wa zege. Ukuta huo haukujengwa kwa maombi, ingawa maombi hayadharauliwi.

Watatokea watakaonijibu kwamba hayo yote ni kazi ya wahandisi, na kwamba wahandisi husoma kwa Kiingereza. Ni kweli. Mwongozo wa usanifu wa barabara za mashambani uliotolewa na Wizara ya Uchukuzi na Mawasiliano mwaka 1979, na ambao ulitumika kwa miongo mingi, uliandikwa kwa Kiingereza, na sipendekezi uchomwe moto. Mhandisi anahitaji Kiingereza ili asome yaliyoandikwa na wenzake wa ng'ambo. Lakini barabara haipiti katika maktaba. Hupita katika mashamba ya watu, na hutumiwa na watu ambao wengi wao hawatausoma mwongozo huo kamwe.

Chukua lile tao letu la mita 300. Tuseme serikali imeamua kulipanua hadi mita 600 ili liwe salama zaidi. Katikati yake, tao jipya litapita mita 21.2 ndani ya ncha badala ya 10.6. Maana yake ni kwamba barabara itasogea mita 10 na zaidi kuingia katika shamba lililo upande wa ndani, na mwanzo wa tao utarudi nyuma mita 80 nyingine. Mwenye shamba ataitwa barazani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, inataka wananchi washirikishwe, na katika kifungu cha 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Je, mwenye shamba ataelezwa nini? Akiambiwa tu kwamba "serikali inahitaji ardhi," atakwenda mahakamani, na pengine atakuwa na haki. Akielezwa kwa lugha anayoielewa kwamba tao la nusukipenyo kikubwa linapunguza mzigo wa matairi, na kwamba basi la shule la wanawe hulipita kila asubuhi, huenda akakubali fidia. Au huenda akauliza kwa nini tao lisisogezwe upande ule mwingine, na swali hilo ni halali, na mhandisi hana budi kulijibu. Kumshirikisha mtu kwa lugha asiyoielewa si kumshirikisha. Ni kumkusanyia sahihi.

Wengine watasema Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hawa huzungumza kana kwamba mafundi wetu wamekuwa wakijenga kwa ishara za mikono. Fundi ana timazi ya kupimia wima, ana pima maji ya kupimia mlalo, ana bikari ya kuchorea duara, ana kigingi na kamba. Watoto wa Tanzania wamefundishwa hesabu za shule ya msingi kwa Kiswahili tangu mwisho wa miaka ya 1960, na kwao kipenyo, nusukipenyo na mzingo ni maneno ya kawaida. Pale tunapopungukiwa, tukope bila haya: tanjenti na theodolaiti hayamdhuru mtu, mradi yamevaa mavazi ya Kiswahili na kufuata ngeli zake. Istilahi haiwi istilahi kwa kuchapishwa katika orodha. Huwa istilahi kwa kutumiwa, na orodha nyingi zilizotungwa kwa juhudi zimelala kabatini kwa sababu hazikupata mwalimu wa kuzitoa nje.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa walimu. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa hesabu waketi pamoja kwa juma moja tu. Wawapeleke wanafunzi uwanjani wakiwa na vigingi, kamba na futi. Wanyooshe kamba moja kuwa mnyoofu, kisha watafute tao la nusukipenyo cha mita 30 linalougusa. Mita 2 kutoka mguso, wapime sentimita 7 kwenda kando na kupiga kigingi. Mita 4, sentimita 27. Mita 6, sentimita 61. Kisha wachukue kamba ya mita 30, mmoja asimame kwenye kitovu, na mwingine azunguke kuhakikisha kwamba kila kigingi kiko mahali pake. Wakirudi darasani, kila mmoja aandike insha ya maelezo: barabara hupindwaje? Mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi atende asiishie kukariri, na hapa atatenda, atahesabu na ataandika kwa wakati mmoja.

Katika kizazi kimoja tutakuwa na dereva anayejua kwa nini apunguze mwendo, mwenye shamba anayejua cha kuuliza, mwandishi wa habari anayeweza kudai takwimu za tao badala ya kuandika kwamba kona imeua tena, na mhandisi anayejua kwamba ataulizwa. Huyu wa mwisho ndiye anayenipa matumaini zaidi, kwa kuwa mtu ajuaye ataulizwa hupima mara mbili. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Barabara nazo hazipindi zenyewe. Zimepindwa na watu, kwa hesabu, na watu hao wana majina na ofisi. Tuwafundishe watoto wetu lugha ya kuwauliza.